"Until" si "by": namna ya kutumia vihusishi vya Kiingereza bila kuvichanganya

Nilipokuwa mapokezi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, Unguja, nilimwandikia mgeni barua pepe siku moja kabla hajafika: "Your room will be ready until 2 pm." Kichwani nilikuwa na sentensi ya Kiswahili: mpaka saa nane mchana chumba kitakuwa tayari, yaani ikigonga saa nane kimeshaandaliwa. Mgeni, mama wa makamo aliyesafiri na mwanawe mdogo, akaelewa vingine kabisa: chumba kipo, ila mwisho wake saa nane, baada ya hapo hana chake. Aliposhuka kwenye boti pale Malindi akaiacha ziara ya mashamba ya viungo ya Kizimbani ambayo alishailipia, akaja moja kwa moja na mizigo yake, akakaa ukumbini tangu saa tano na nusu akisubiri chumba ambacho bado hakijafagiliwa. Aliponionesha ile barua kwenye simu yake niliisoma mara tatu ndipo nikaliona kosa. "By 2 pm" ndiyo iliyotakiwa. Nilimwomba radhi, na ziara yake ilikuwa imeshampita.

Sasa nafundisha Kiingereza cha kazini, jioni, kwa vijana wanaotaka kuingia hotelini au kutembeza wageni. Msamiati wanao, na wengi wanazungumza bila woga. Wanapokwama ni kwenye vihusishi, yale maneno mafupi "in", "on", "at", "by", "for", "to". Si kwa uvivu. Kiswahili kinaifanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine, na mtu asipooneshwa njia hizo mbili zinaachana wapi, ataendelea kukosea mahali pale pale hata akikariri orodha ndefu kiasi gani.

Mwelekeo kwetu unabebwa na kitenzi

Tazama neno "sokoni". Anakwenda sokoni. Anatoka sokoni. Yuko sokoni. Anapita sokoni. Sentensi nne, na "sokoni" halikubadilika hata herufi moja. Anayetuambia mtu anaelekea wapi ni kitenzi. Sasa hizo hizo kwa Kiingereza: "She goes to the market. She comes from the market. She is at the market. She walks through the market." Kihusishi kinabadilika kila mara, kwa sababu Kiingereza kimeupa mwelekeo nyumba nyingine, nje ya kitenzi.

Kwa hiyo anayeuliza "hii -ni kwa Kiingereza ni nini?" anatafuta kitu ambacho hakipo. Swali la kuuliza ni: kitenzi hiki cha Kiingereza kinatembea na nani?

Kijana mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, nakusubiri si 'I am waiting you'? Mbona umenikata?" Nikamwandikia ubaoni "nakusubiri", nikaizungushia duara ile "ku". Nikamwambia, "Mwanangu, mtu unayemsubiri umemtia ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina pa kumtia. Kinamweka nje, na kabla ya kumfikia kinaweka daraja." Daraja lenyewe ni "for": "I am waiting for you." Tukaendelea hivyo hivyo na nyingine. Nisikilize, "listen to me". Niangalie, "look at me". Nitafute, "look for me". Nifafanulie, "explain it to me", wala si "explain me". Zote hizi kwa Kiswahili zina mtendwa tumboni, na zote kwa Kiingereza zinataka daraja. Hapo aliuona mpango, akaanza kujikosoa mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Kwa sababu hiyo nawakataza kuandika "wait = subiri" kwenye daftari. Andika "wait for somebody". Usiandike "listen", andika "listen to". Kila kitenzi kiingie daftarini na mkia wake, na usome vyote viwili kwa pumzi moja, kama neno moja. Fanya hivyo hivyo kwa sifa: "good at", "afraid of", "full of", "responsible for", "interested in", "married to". Hiyo ya mwisho iangalie vizuri, maana sisi tunasema ameolewa na, na "na" hiyo inawavuta watu waseme "married with" au "married by". "Married by" ni shekhe au padri aliyefungisha ndoa!

Kuna kundi jingine linalokwenda kinyume, na linawapata hata waliosoma sana. Ni vitenzi ambavyo Kiingereza hakivipi kihusishi chochote, nasi tunavitilia. Kujadili kuhusu jambo kunatuletea "discuss about". Kuingia ndani ya chumba kunatuletea "enter into the room". Kusisitiza juu ya kitu kunatuletea "emphasise on". Sahihi ni "discuss the matter", "enter the room", "emphasise the point". Vivyo hivyo "reach the hotel", "contact us", "request a towel", "mention the price". Lakini kitenzi hicho hicho kikigeuka nomino, kihusishi kinarudi: "a discussion about the price", "a request for a towel", "the emphasis on safety". Nadhani kosa linaanzia hapo hapo; mtu amesikia "request for" kwenye nomino, akaipeleka kwenye kitenzi.

Humu, hapa, huku

Kwa mahali, Kiswahili kina hazina ambayo nashangaa kuona haitumiwi kufundishia. Tuna aina tatu za mahali: PA, MU na KU. Mfukoni mna pesa. Mezani pana glasi. Mjini kuna joto. Ni kweli kwamba siku hizi tunasema "kuna" karibu kila mahali, lakini "humu" na "hapa" bado tunazitenganisha bila kufikiri. Ukimwelekeza mtu atie ufunguo kwenye mkoba utasema "tia humu". Ukimwelekeza auweke juu ya kaunta utasema "weka hapa".

Basi fanya kama unaonesha kwa kidole. Ikikujia "humu", Kiingereza chake ni "in": "in the bag", "in the drawer", "in the room". Ikikujia "hapa", jiulize tena: je, kitu kimegusa uso wa kitu kingine? Kama kimegusa, sema "on": "on the counter", "on the wall", "on the floor". Kama ni kituo tu, mahali mtu anapopatikana, sema "at": "at the door", "at reception", "at the port", "at the bus stop". Na "huku", ile ya eneo pana lisilo na ukingo unaouona, kwa miji na nchi Kiingereza hulihesabu kuwa ni ndani: "in Unguja town", "in Tanzania", "in Oman".

Anuani inakwenda hivyo hivyo kutoka kubwa kwenda ndogo. Mtaa ni eneo, kwa hiyo "in Shangani". Barabara ni mstari unaoukanyaga, "on Kenyatta Road". Nyumba yenye namba ni nukta, "at number 12".

Visiwa vinanipa maswali mengi, na sisi ni watu wa visiwani, tuyajibu sawasawa. Kisiwa kikisimama kama nchi au jamii yenye miji na serikali, ni "in": "in Zanzibar". Kikiwa kisiwa kidogo unachokiona kama kipande cha ardhi juu ya maji, ni "on": "on Chumbe", "on Changuu". Ukitaja neno "island" lenyewe, "on" ndiyo salama: "on the island of Pemba".

Na ufukwe. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu kihusishi kimoja kinaweza kumgeuza mgeni akaona umemdanganya. "The hotel is on the beach" maana yake hoteli imekaa mchangani. Mgeni akitoka mlangoni anakanyaga mchanga. "Near the beach" maana yake atatembea. Kama kuna barabara ya kuvuka, usiandike "on". "By the sea" ni kando ya bahari, huenda ni juu ya mwamba bila mchanga wowote. "At the beach" tunaitumia tukimzungumzia mtu aliyekwenda kupumzika huko: "The family in room six are at the beach." "In the sea" amelowa maji. Sijawahi kusikia mgeni akilalamika kwa sababu mhudumu kakosea wakati wa kitenzi, lakini "on the beach" isiyo kweli nimeiona ikirudishiwa pesa.

Kipimo cha "humu" kinavunjika mahali pamoja: vyombo vya usafiri. Sisi sote tumo humu ndani ya basi, lakini Kiingereza kinasema "on the bus". Kanuni inayonisaidia ni ya miguu. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on": basi, ndege, boti kubwa, meli. Chombo unachoingia ukakaa tu ni "in": gari dogo, teksi, bajaji, na hata mtumbwi. Unachokipanda kwa kukipitishia mguu nacho ni "on": baiskeli, vespa, bodaboda, farasi. Daladala mtu ameinama kichwa kinagonga paa, lakini bado anapita kati ya viti, sema "on".

"Nyumbani" nayo ina jambo lake. Wengi husema "I am going to home" kwa sababu wameshakariri kwamba "kwenda" ni "go to". Neno "home" hapo limeubeba mwelekeo ndani yake, kama "nyumbani" ilivyobeba "-ni". Sema "I am going home". Wenzake ni "here", "there", "upstairs", "abroad". Kwa "arrive", acha kabisa "arrive to". Ni "arrive in" kwa mji au nchi, "arrive at" kwa jengo, bandari au uwanja wa ndege.

Juu ya, mbele ya, kati ya

Waongozaji wa wageni, hii ni yenu. Mkisimama mbele ya mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe, "juu ya" inaweza kuwa vitu vinne. Nakshi imechongwa juu ya mbao: "The pattern is carved on the wood." Maandishi yako juu ya mlango, hayaugusi ubao unaofunguka: "above the door". Paka karuka juu ya ukuta kwenda upande wa pili: "over the wall". Na ukizungumza juu ya historia ya nyumba, ni "about the history of the house". Usilitafsiri "juu", tazama kitu chenyewe kiko vipi, kimegusa, kimeelea, kimevuka, au ni mada tu.

"Mbele ya" inatutega kwa namna nyingine. Ngome Kongwe inatazamana na bustani ya Forodhani, barabara imepita katikati. Hiyo ni "opposite": "The Old Fort is opposite Forodhani Gardens." Ukisema "in front of", mgeni anaweza kuitafuta upande ule ule wa barabara alikosimama. Ukiwa na neno "mkabala" kichwani, "opposite" itakujia. "In front of" iweke kwa gari lililosimama mlangoni.

"Kati ya" ni nyepesi: vitu unavyoweza kuvitaja kimoja kimoja ni "between", kundi ni "among".

Kwa

Ningeambiwa nichague neno moja la Kiswahili linalozalisha makosa mengi kuliko yote, ningechagua "kwa". Nimekuja kwa basi, "by bus". Nimekuja kwa miguu, "on foot". Nimekata kwa kisu, "with a knife". Nimeandika kwa Kiingereza, "in English". Nimenunua kwa shilingi elfu tano, "for five thousand shillings". Nimekaa kwa siku tatu, "for three days". Nimekwenda kwa daktari, "to the doctor". Niko kwa daktari, "at the doctor's". Nimenunua samaki kwa yule mzee, "from that old man". Ishirini kwa mia, "twenty per cent".

Njia niliyoiona inafaa ni kumuuliza "kwa" ametumwa nini. Kama ni chombo cha mkononi, "with". Kama ni chombo cha kusafiria kisichotanguliwa na "a", "the" wala "my", "by". Ukitia "my" inabadilika mara moja: "by car" lakini "in my car". Kama ni lugha, "in". Kama ni bei au muda, "for". Kama ni mtu, rudi kwenye kitenzi uone unamwendea, uko naye, au unatoka kwake. Andika sentensi tano za "kwa" kila siku kutokana na mambo uliyoyafanya kweli siku hiyo, uzigeuze. Wiki mbili zinatosha kuliona neno hili likipasuka lenyewe mbele ya macho yako.

Wakati

Sehemu rahisi kwanza. Saa ni "at", siku na tarehe ni "on", mwezi na mwaka ni "in". Mapinduzi ya Zanzibar: "on 12 January 1964", "in January", "in 1964". Asubuhi, mchana na jioni ni "in the morning", "in the afternoon", "in the evening", lakini usiku ni "at night". Siku ikitangulia inashinda: "on Friday evening". Na pakiwa na "next", "last", "this" au "every", kihusishi kinaondoka: "next Friday", si "on next Friday". Mwisho wa wiki Waingereza husema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend"; chagua moja ubaki nayo. Usisahau kuihamisha saa yenyewe kabla ya yote: boti ya saa moja asubuhi ni "at seven".

Sasa turudi kwenye barua yangu. "Mpaka" ina maana mbili, na Kiingereza kimezitenga. Kama jambo linaendelea muda wote hadi saa fulani, ni "until": "Breakfast is served until ten." Chai inatolewa, inatolewa, inatolewa, saa nne inakoma. Kama jambo linatimia mara moja, saa hiyo au kabla yake, ni "by": "Please pay by Friday." Kipimo changu: jaribu kuiondoa "mpaka" uweke "ifikapo". Ifikapo saa nane chumba kitakuwa tayari. Imekubali, basi ni "by". Chai inatolewa ifikapo saa nne? Hapana, maana imeharibika. Basi ni "until".

Kuna jambo moja zaidi ambalo lingeniokoa siku ile. Sentensi ikiwa ya kukanusha, "until" inakubali, kama "mpaka" yetu: chumba hakitakuwa tayari mpaka saa nane, "The room will not be ready until 2 pm." Hiyo ni sahihi kabisa. Nilipoacha "not" nilipindua maana yote.

"Baada ya" nayo ichunguzwe. Gari litakuja baada ya dakika kumi: ukihesabu kuanzia sasa, Kiingereza kinasema "in ten minutes". "Within ten minutes" ni ahadi nyingine, kwamba kumi hazitapita kabla halijafika. Usimwambie mgeni "within" kama dereva bado yuko Mwanakwerekwe.

"Tangu" ni "since" ikifuatwa na nukta ya kuanzia: "since 2015", "since Monday". Ukitaja urefu wa muda ni "for": "for nine years". "Since nine years" inatokana na tangu miaka tisa iliyopita, iache. Na kitenzi chake ni "I have worked here", au "I have been working here", wala si "I am working here since".

La mwisho kwenye wakati ni "kwa wakati". Boti imeondoka kwa wakati, saa ile ile iliyoandikwa: "on time". Tumefika kwa wakati, kabla haijatuacha: "in time".

Zoezi la leo

Mazoezi ninayoyaamini ni ya kidole. Chukua aya fupi ya Kiingereza kilichoandikwa vizuri, kwa mfano maelezo ya makumbusho. Isome mara mbili, kisha iandike upya ukiacha pengo kila penye kihusishi. Iweke. Kesho yake jaza, halafu linganisha. Ulipokosea, usiandike neno lililokosekana peke yake. Andika kitenzi au nomino iliyolitaka, pamoja nalo. Ukiwa na kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, soma mifano ya sentensi, usiishie kwenye maana. Mkia wa neno unaonekana kwenye mifano.

Uanze na hii, ambayo ndiyo barua niliyopaswa kumwandikia yule mama:

"Our driver will wait ___ you ___ the port ___ Saturday ___ 9 am. He will be standing ___ front of the main gate. The hotel is ___ Shangani and you will be here ___ fifteen minutes ___ taxi. Your room will be ready ___ 2 pm. Please contact ___ us if you need anything."

Majibu kwa mpangilio: for, at, on, at, in, in, in, by, by. Pengo la kumi linabaki tupu, kwa sababu "contact" haitaki daraja. Ukijaza "to" hapo, rudi kwenye daftari uandike "contact somebody" mara moja, na chini yake "be in contact with somebody", uone kitenzi na nomino vilivyoachana njia.